Ushuhuda wa Mwenye Deni

Daktari John Edward Church, ambaye rafiki zake walimwita Joe, aliingia Kampala mwezi Septemba 1929 akiwa hoi. Mwaka uliotangulia alikuwa ametumwa Gahini, kilima kinachotazama Ziwa Muhazi mashariki mwa Rwanda, kuendesha hospitali changa ya misheni ya Kianglikana. Kilichompokea huko ni njaa kubwa ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura. Alitibu, aligawa chakula, alizika. Njaa ilipopungua akatambua kwamba yeye aliyeletwa kuwapa wengine imani, yake imekauka.

Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Muganda aliyekuwa mtumishi wa idara ya afya ya serikali. Wakakaa siku mbili na Biblia, wakisoma na kusali. Makanisa yameandika mengi juu ya siku hizo mbili, lakini jambo lililo kubwa kuliko yote huwa linapitwa haraka. Mzungu, daktari tena mmisionari, katika zama ambazo Mwafrika ndiye aliyepaswa kunyenyekea, alimwambia Mwafrika kwamba ameishiwa na anahitaji msaada wa roho yake. Wahenga walisema mganga hajigangi. Church alikubali kugangwa.

(Nsibambi huyu, kwa wasiomjua, ndiye baba wa Profesa Apolo Nsibambi aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Uganda kuanzia mwaka 1999 hadi 2011. Mzee mwenyewe hakutafuta cheo. Aliacha kazi ya serikali, akawa mtu wa kusali na kuwauliza wapita njia kama wameokoka.)

Wanahistoria wengi wanapoeleza uamsho wa Afrika Mashariki huanzia hapo. Kutoka Gahini na Kampala ulienea Kigezi na Ankole, ukavuka hadi Burundi, Bukoba, Kenya, Kongo na kusini mwa Sudan. Waganda waliwaita wafuasi wake Balokole, yaani waliookoka, na wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza, ukawa kitambulisho chao hata kwa wasiojua neno lingine la lugha hiyo. Hawakuanzisha dhehebu. Mwanglikana alibaki Mwanglikana, Mlutheri wa Bukoba alibaki Mlutheri, Mpresbiteri wa Kikuyu alibaki kwenye kanisa lake. Hawakuwa na ofisi kuu wala kadi ya uanachama. Walichokuwa nacho ni kukutana kila wiki, na desturi moja iliyowatenga na Wakristo wengine wote: mtu alisimama mbele ya wenzake akalitaja kosa lake kwa jina lake.

Ninawakumbuka wazee hawa kila ninaposikia kauli ambayo Wakristo wengi wa leo wanaitumia kujitoa kwenye wajibu wa kushuhudia. "Mimi nani hata nimweleze jirani habari za Mungu, na jirani mwenyewe ananijua?" Jirani anajua ugomvi wa usiku, anajua deni la duka la kona, anajua nani alirudi saa ngapi na nani alimfungulia mlango. Basi Mkristo anangoja kwanza awe mwema, ndipo afungue kinywa. Anangoja mpaka anazikwa, na wasifu unaosomwa kaburini unasema alikuwa mtu wa watu.

Kauli hiyo ina sura ya unyenyekevu. Balokole wangeiona kuwa kiburi kilichovaa kanzu ya unyenyekevu, kwa sababu anayeitoa bado anaamini kwamba habari anayopaswa kuieneza ni habari ya wema wake.

Kisa cha Yosiya Kinuka kinaeleza vizuri zaidi. Alikuwa mkuu wa wasaidizi katika hospitali ya Gahini, na hospitali ile haikuwa na amani. Wafanyakazi walinung'unika, dawa na vifaa vilipotea, na kati ya Kinuka na Daktari Church palikuwa na ubaridi ambao kila mgonjwa aliuona. Kinuka akasafiri hadi Kampala na malalamiko yake, akamfikia Nsibambi akitarajia kuhurumiwa. Hakuhurumiwa. Nsibambi alimrudishia swali: dhambi iliyo moyoni mwake mwenyewe, ameifanyia nini? Safari ya kurudi ni ndefu, na wanaosimulia kisa hiki wanasema ni katika safari hiyo Kinuka alipokubali kwamba tatizo la Gahini halikuwa Church peke yake. Alifika akiwa mtu mwingine, na alianza na toba.

Sasa mtazame Church. Msaidizi wake wa Kiafrika anakuja kukiri makosa. Angeweza kuipokea toba ile kama bosi anavyopokea barua ya kuomba radhi, akaiweka kwenye faili. Badala yake naye alilazimika kujiangalia: ukali wake, haraka yake, ile hali ya kujiona ni yeye anayejua. Wamisionari kadhaa wa Gahini na vituo vya jirani waliishia kukiri mbele ya Waafrika dhambi ambayo katika ukoloni ilihesabiwa kuwa akili ya kawaida, yaani kujiona bora kwa sababu ya rangi. Sijui hotuba ya kisiasa ya miaka ile iliyowafanya Wazungu waseme hivyo kwa hiari. Kamati za misheni kule London nazo hazikufurahia kila kilichoandikwa kwenye barua kutoka Rwanda.

Mwishoni mwa Desemba 1933 palikuwa na mkutano wa siku kadhaa Gahini, mkutano ambao kwa maelezo ya waliokuwapo haukuwa na msisimko wowote. Siku ulipokwisha watu wachache walibaki kusali. Mmoja akasimama akakiri dhambi yake waziwazi. Akafuata wa pili. Kwa muda wa zaidi ya saa mbili watu waliendelea kusimama, wakati mwingine wawili au watatu kwa mpigo, kila mmoja akitaka kusema. Hapakuwa na mhubiri mashuhuri wala vyombo vya muziki.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia zaidi, na ndicho leo kimesahaulika. Watu walianza kurudisha. Aliyeiba blanketi la hospitali alilileta. Yalirudi majembe, zilirudi fedha, hata mifugo ilirudishwa kwa wenyewe. Huko Kigezi walikuwapo waliokwenda kwa maofisa wa serikali kutaja kodi waliyoikwepa au mali waliyoichukua, na maofisa wale, waliozoea kuwafukuza watu milimani ili walipe, walipigwa na butwaa. Waume walikwenda kwa wake zao. Hapo ndipo wengi walipokwama, maana kulia mbele ya kusanyiko ni rahisi kuliko kumwambia mke jikoni kwamba fedha ya mavuno haikuibwa sokoni kama ulivyomweleza.

Jirani asiyejua kusoma, asiyeweza kuhukumu mahubiri ya mtu, aliweza kuona jembe lake limerudi. Aliyelirudisha hakudai kuwa mtakatifu. Alisema, niliiba, nisamehe, Yesu amenishika. Kwa jirani huyo habari njema ilifika ikiwa na mpini wa mti. Ndiyo maana nasema hoja ya "mimi nina makosa, siwezi kushuhudia" ilikuwa imejibiwa Afrika Mashariki miaka ya 1930 na watu wasiokuwa na shahada ya theolojia. Kosa lililokiriwa na kulipwa ndilo lililokuwa mahubiri yenyewe.

Wakubwa hawakupenda. Machifu walikuwa na sababu: mwanamke akisimama kukiri uzinzi, watu huuliza alizini na nani, na baadhi ya wakiri walitaja. Majina mengine yalikuwa ya watu wazito. Maofisa wa Kiingereza walilalamikia nyimbo za usiku kucha, kilio na watu kutetemeka na kuanguka. Maaskofu nao waliudhika na vijana waliowauliza makasisi wao, mbele ya waumini, kama wameokoka. Mwezi Oktoba 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26, miongoni mwao William Nagenda, kwa sababu hawakukubali kuacha mikutano yao ya alfajiri na kuwakemea wenzao na walimu. Nagenda hakupata upadri, lakini alikuja kuhubiri Ulaya, Asia na Amerika, na wengi wa waliomfukuza hawakumbukwi majina.

Lakini nisiwasifu kupita kiasi. Walikuwa na mapungufu, tena makubwa, na baadhi yalitokana na desturi ileile niliyoisifu. Kukiri hadharani kuna utamu wake. Mtu akigundua kwamba dhambi kubwa huvuta masikio, ataipa chumvi. Ndugu wenyewe waliligundua hilo mapema, wakaanza kufundishana kwamba kosa la siri lina Mungu wake, kosa dhidi ya mtu lipelekwe kwa mtu huyo, na lililofanyika hadharani ndilo lisemwe hadharani. Pale ambapo kanuni hiyo haikufuatwa, ndoa zilivunjika na watu wasio na hatia wakaaibishwa.

Msomaji Mwislamu wa Lamu au Unguja atakuwa ameshaguna hapa. Katika mafundisho aliyolelewa nayo, Mungu akikusitiri usiku, si adabu wewe kujivua nguo asubuhi kwa kutangaza uliyoyatenda. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Na kuhusu swali la msingi, kama mwenye dhambi ana haki ya kumwelekeza mwingine kwenye heri, Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilijadili katika Ihya Ulum al-Din. Aliikataa hoja kwamba anayeamrisha mema lazima awe hana kosa, kwa sababu sharti hilo likiwekwa hapatapatikana mtu wa kuamrisha mema.

Wakristo wa Afrika Kaskazini walilipigania swali hilohilo karne nane kabla ya Ghazali. Baada ya mateso ya Diokletiani, Wadonato walishikilia kwamba askofu aliyesalimisha Maandiko kwa askari wa Roma hawezi tena kutoa sakramenti iliyo halali, na kwamba aliyewekewa mikono na mtu wa namna hiyo naye amechafuka. Augustino wa Hippo aliwapinga miaka mingi hadi kwenye mdahalo mkuu wa Karthago mwaka 411. Sakramenti, alisema, ni ya Kristo, na uchafu wa mikono ya padri hauichafui. Huyu ndiye Augustino aliyekuwa ameandika kitabu kizima cha kuungama, akaeleza hata wizi wake wa mapeari wa ujanani. Hata hivyo mabishano ya Karthago yalihusu padri na madhabahu. Kilichotokea Gahini kilimhusu mpishi, muuguzi, mwanafunzi, mke wa mwalimu.

Uamsho ulipofika Bukoba uliwakuta Walutheri wakiwa na kanisa la wamisionari lililotulia. Mmoja wa vijana walioguswa ni Josiah Kibira, ambaye mwaka 1964 alimrithi Msweden Bengt Sundkler kuwa askofu, na mwaka 1977, Dar es Salaam, akachaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Katoke, mkoa huohuo wa Kagera, chuo cha ualimu cha Waanglikana kilikuwa lango jingine. Wazee wa Kagera watakueleza mengi zaidi kuliko nafasi ya gazeti inavyoruhusu.

Kenya uliingia mwishoni mwa miaka ya 1930, na mtihani wake ukaja na Hali ya Hatari ya Oktoba 1952. Waliookoka katika nchi ya Wakikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau. Walisema wamekwisha kuinywa damu ya Yesu na hawawezi kuongeza nyingine. Wengi wao walikataa pia bunduki za walinzi waliosimamiwa na serikali. Wakawa maadui wa pande mbili, na wako waliouawa. Mtu anaweza kubishana na msimamo wao wa kisiasa, na mimi ninabishana nao, maana ardhi iliyopiganiwa ilikuwa imeporwa kweli. Siwezi kubishana na ukweli kwamba walilipa gharama yake wenyewe.

Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walibishana nao kwa tamthilia. Ngaahika Ndeenda, iliyochezwa na wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, mwaka 1977, na ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama Nitaolewa Nikipenda, inatuonyesha tajiri Kioi, Mkristo wa kuhimiza wengine watubu. Anamshawishi Kiguunda, kibarua wake, akabariki ndoa kanisani, na gharama za ndoa hiyo ndizo zinazomfikisha Kiguunda kwenye mkopo unaommezea kipande chake cha ardhi. Serikali iliipiga marufuku tamthilia na mwisho wa mwaka ikamweka Ngũgĩ wa Thiong'o kizuizini. Makanisa yangefanya vizuri kuisoma badala ya kukasirika. Kioi hana tatizo la kukiri dhambi kwa ujumla. Kila siku anakiri. Asichokifanya ni kurudisha shamba.

Hapo ndipo ulipo mpaka kati ya ushuhuda na maneno, nao ulionekana hata ndani ya uamsho wenyewe. Kadiri miaka ilivyopita, baadhi ya ndugu walihama kutoka kutaja dhambi zao hadi kukagua za wengine: nywele, mavazi, mikopo ya benki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Uganda walitokea Bazukufu, yaani walioamka, waliowaona ndugu zao wamelala usingizi. Kenya nako yakatokea makundi ya Kufufuka na ya Kupaa. Ushirika ulioanza na mtu kusema "mimi" ukawa wa watu kusema "wewe". Nyani haoni kundule, hata nyani aliyeokoka.

Waliobaki na neno "mimi" walikuwapo, na wa kukumbukwa kuliko wote kwangu ni Festo Kivengere. Alizaliwa Kigezi mwaka 1919, akawa mwalimu, akawa mlevi, akaokoka mwanzoni mwa miaka ya 1940. Alikuwa akisimulia jinsi alivyopanda baiskeli kwenda mbali kumwomba radhi Mwingereza ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimchukia. Tanzania inamdai shukrani: alifundisha Dodoma kwa miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa safi kiasi cha kumtafsiria Billy Graham alipokuja Afrika Mashariki mwaka 1960. Mwaka 1972 akawekwa kuwa askofu wa Kigezi.

Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum, naye mtu wa uamsho, alikamatwa Kampala pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ya Idi Amin ilitangaza kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya gari. Hakuna aliyeamini. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe Mera walivuka milima usiku kwa miguu hadi Rwanda, kwa maana jina lililofuata kwenye orodha lilikuwa lake.

Alipofika Ulaya kila kanisa lilitaka kumsikia. Alikuwa na kila sababu ya kusimama kama shujaa: askofu aliyetoroka kifo, rafiki wa mfiadini. Angeieleza dhambi ya Amin jioni nzima na watu wangelia na kuchangia. Ijumaa Kuu ya mwaka huo aliketi ibadani London, katika kanisa la All Souls, akasikiliza tena habari ya Yesu kuwaombea waliokuwa wakimpigilia misumari. Akaona kwamba moyoni mwake mna chuki, kwamba chuki hiyo inakua, na kwamba inazidi kumtia ugumu hata anapohubiri. Akajiuliza kama Amin angekuwa miongoni mwa askari wale wenye nyundo, je, ombi lile lingemruka?

Akaanza kulisema hilo kwenye mimbari. Akaandika kitabu, kikatoka mwaka uleule, jina lake I Love Idi Amin. Ninamwelewa Mganda aliyepoteza baba chini ya utawala ule akikataa hata kukifungua. Kivengere mwenyewe hakudai kwamba Amin hana hatia, wala hakuacha kuueleza ulimwengu mauaji ya Uganda. Alichokikiri ni chake. Askofu wa miaka 57, mhubiri anayejulikana mabara yote, alisimama mbele ya wageni kusema kwamba mwezi huu, si ujana wake, amekuwa mtu wa chuki. Ushuhuda wa ulevi wa mwaka 1940 usingemgharimu kitu tena. Huu ulimgharimu picha nzuri ambayo wenyeji wake walikuwa wamekwisha kumchorea.

Kisha ikaja Rwanda, 1994, na yeyote anayeusifu uamsho lazima asimame hapo. Nchi ulimozaliwa uamsho huo iliwaua watu wake kwa mapanga, na wengi waliuawa makanisani walikokimbilia. Watu wa uamsho walikuwa wamewahi kufa kwa kuwaficha majirani, na mwaka huo pia wapo waliowaficha. Lakini waliobatizwa waliua waliobatizwa, na askofu mmoja wa Kianglikana alifikishwa mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa pale Arusha, akafa kabla ya kesi kusikilizwa. Inaonekana watu walikuwa wamejifunza kukiri sigara, pombe na kalamu ya ofisini, na chuki ya ukabila ikabaki bila jina kwa sababu kila mtu wa upande wako alikuwa nayo, na dhambi ya kila mtu haimwaibishi mtu.

Desemba 1996, Detmold nchini Ujerumani, Wakristo wa Rwanda walikutana: Wahutu, Watutsi, pamoja na Wazungu waliokuwa na uhusiano na nchi hiyo. Wakatoa tamko ambamo kila kundi lilikiri dhambi ya upande wake na kuwaomba wengine msamaha. Lilipingwa vikali, na baadhi ya hoja za wapinzani zina uzito: hatia ya mauaji ni ya aliyeua, haiwezi kugawanywa kwa kabila, na manusura hapaswi kuombwa aombe radhi ili meza ikae sawa. Pamoja na hayo, kuna jambo pale ambalo Nsibambi angelitambua. Hakuna kundi lililokiri kwa niaba ya lingine.

Sasa tugeuke kwetu, kwenye vipaza sauti vya leo. Ushuhuda umekuwa kazi yenye soko. Redioni, kwenye runinga na kwenye mtandao wa YouTube utawasikia waliokuwa majambazi, waliokuwa wachawi, waliokwenda kuzimu wakarudi na ramani. Siwadharau wote, mtu aliyeacha ujambazi ameacha kitu. Ila sikiliza kwa makini, utaona dhambi zote zinazotajwa zina umri. Zimetokea zamani, katika mji mwingine, na kadiri zilivyokuwa mbaya ndivyo msimuliaji anavyokuwa mkubwa. Mapungufu yamekuwa cheo. Aliyeporwa siku hizo hatajwi, na hatujaambiwa kama alirudishiwa.

Upande wa pili yupo yule Mkristo wetu wa mwanzo, aliyejinyamazia kwa sababu jirani anamjua. Nadhani wawili hawa ni mtu mmoja. Mmoja ameficha makosa ya leo nyuma ya kimya, mwingine ameyaficha nyuma ya hadithi ya juzi. Mweka hazina wa kikoba aliyekopa fedha za akina mama bila kuwaambia anaweza kuwa wa kwanza au wa pili, inategemea kama amejaliwa sauti. Kwa wale akina mama wanaosubiri mgao wa Desemba, injili yake ni ileile: hakuna.

Sitaki kurudisha miaka ya 1930. Sipendi kukesha kwa kilio, na sidhani mke wa mtu anapaswa kusikia kwenye mkutano kile ambacho angepaswa kuambiwa nyumbani. Ninachokitaka kutoka kwa wale wazee ni kidogo na kigumu. Mtu aseme imani yake akiwa bado na kasoro, lakini aanzie kwa mtu aliyemkosea, na aende na kitu mkononi. Akishafika hapo, mengine yatamjia, kwa sababu aliyerudishiwa fedha yake baada ya miaka mitatu lazima atauliza kulikoni.

Jumapili inakuja. Kama umeombwa kutoa ushuhuda na kuna mtu mtaani anakudai, mwombe mchungaji akusogeze hadi wiki ijayo. Nenda kwanza ukalipe, hata kama ni nusu, na umwambie ukweli kuhusu nusu iliyobaki.